Kumbukumbu au Betri? Hesabu ya Nyumba Moja ya Kishapu

Safari hii ukurasa wa familia unaingia sebuleni mwangu, Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga. Jambo lenyewe ni dogo kwa macho, nalo limezigusa nyumba nyingi zenye vijana wanaotafuta riziki kwa kompyuta mpakato. Kwetu liligusa ajira ya kwanza ya binti yetu na fedha za gunia la dengu.

Ilikuwa kiangazi kilichopita. Binti yetu alikuwa amehitimu stashahada ya upimaji ardhi, akarudi nyumbani kungoja ajira kama wenzake wengi. Kikundi kimoja cha wachimbaji wadogo kikamwomba awachoree ramani ya eneo lao, mashimo na malundo ya mawe yakionekana. Picha zilikwisha kupigwa kwa ndege nyuki, mia kadhaa. Kazi iliyobaki ilikuwa kuziunganisha kwa programu ziwe picha moja kubwa yenye vipimo, na ramani ilitakiwa asubuhi ya Jumatatu.

Jumapili, baada ya swala ya Magharibi, saa moja usiku, akaianzisha kazi. Kompyuta ikaanza kunguruma kama mashine ya kusaga. Saa mbili na dakika kumi umeme ukakatika. Betri ikaishika kazi kwa saa moja, kisha kioo kikawa cheusi. Kazi ilikuwa imefika asilimia 71.

"Baba, imezima," akasema.

"Si utaendelea umeme ukirudi, mwanangu?"

"Haiendelei ilipoishia, baba. Inaanza upya."

Umeme ulirudi usiku wa manane. Mama yake alikaa naye mpaka adhana ya Alfajiri, na ramani ikapelekwa kwa wakati, alhamdulillah. Asubuhi ile sote tulikubaliana kwamba kompyuta ile haifai kwa kazi ile ilivyo. Tuliyotofautiana ni namna ya kuiponya. Mimi nilisema inunuliwe betri mpya, kwa kuwa niliona kwa macho yangu betri ikiisha. Yeye alisema iongezwe kumbukumbu, kwa kuwa kazi ya saa tatu haikupaswa kuwa ya saa tatu. Kaka yake, aliyepiga simu kutoka Geita, akasema kumbukumbu ikiongezwa betri itaisha upesi zaidi, na kwamba rafiki zake wawili wamelijutia jambo hilo. Fedha tuliyokuwa nayo ilitosha kimoja tu. Kukopa kwa riba hakukuwa njia ya nyumba yetu, na kompyuta mpya ilikuwa mbali na uwezo wetu.

Kabla ya kutoa fedha, tuliamua kuhesabu. Hesabu hiyo ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Mtungi unaovuja

Kumbukumbu inayozungumzwa hapa ni ile ambayo mafundi huiita ramu. Si mahali pa kuhifadhia faili. Hiyo ni kazi ya diski. Ramu ni kama meza ya fundi cherehani. Kitambaa kinachokatwa sasa hivi kiko juu ya meza, na majora mengine yako kabatini. Meza ikiwa ndogo, fundi hukunja kitambaa kimoja na kukirudisha kabatini ili akunjue kingine, kisha hufanya kinyume chake, mchana kutwa. Kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo. Ramu ikijaa, huanza kuhamishia sehemu ya kazi kwenye diski na kuirudisha kila inapohitajika. Diski ni nzito mara nyingi kuliko ramu, hata ile ya kisasa ya SSD. Kwa diski ya zamani inayozunguka, kazi hugeuka mateso.

Je, ramu hula umeme? Ndiyo, na sababu yake iko katika maumbile yake. Mwaka 1968 mhandisi Robert Dennard wa kampuni ya IBM alipata hataza ya aina ya kumbukumbu tunayoitumia mpaka leo. Ndani yake kila chembe ya habari ni chaji ndogo ya umeme iliyowekwa kwenye chombo kidogo mno. Chombo hicho huvuja. Mfano wake ni mtungi wa udongo unaochuruzika: usipoujaza tena na tena, utaukuta mtupu. Kwa sababu hiyo kompyuta huisoma na kuijaza upya kumbukumbu yote kila baada ya milisekunde 64, yaani zaidi ya mara 15 kwa sekunde moja, hata kama wewe umeketi tu unakitazama kioo. Chipu zikipata joto kupita nyuzi 85, kujazwa huko hutakiwa mara mbili zaidi.

Kwa hiyo kijana wa Geita alikuwa na ukweli wake. Kipande cha ziada cha ramu ni mtungi wa ziada wa kujazwa. Hata hivyo tuulize kiasi. Kipande kimoja cha kompyuta mpakato hutumia sehemu ya wati moja kikiwa kimetulia, na wati mbili au tatu hivi kikiwa katika kazi nzito. Miaka ilivyokwenda mahitaji yake yamepungua: kizazi cha DDR3 kilitumia volti 1.5, DDR4 kikashuka hadi 1.2, na DDR5 hadi 1.1. Kioo kilichowashwa kwa mwanga mkali pekee huweza kula zaidi ya hapo, na prosesa, ubongo wa kompyuta, ikiwa kazini hula zaidi ya vyote.

Tulichokikuta kwenye kompyuta yetu

Kwanza tuliipima betri. Katika kompyuta yenye Windows ipo amri ya kuandika, powercfg /batteryreport, inayotoa ripoti ya afya ya betri. Ripoti ilisema betri iliundwa kubeba wati-saa 48, na kwamba sasa ikijazwa hubeba wati-saa 24 tu. Nusu ya umri wake ilikwisha kwenda. Na kwa kuwa usiku ule wati-saa 24 ziliisha kwa saa moja, tulijua kuwa kazi ile ilikuwa ikila wati 24.

Pili tuliipima kumbukumbu. Ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, hufunguka ukurasa unaoonyesha kila kitu kinachotumika ndani ya kompyuta. Binti aliianzisha tena kazi ileile huku tukitazama. Ramu ya GB 8 ilijaa hadi asilimia 97 na kubaki hapo. Diski ilipanda asilimia 100. Prosesa, ambayo mimi nilidhani inataabika, ilikuwa ikipanda na kushuka kama mtu anayesubiri maji kwenye foleni ya kisima. Ilikuwa ikiisubiri diski.

Tukapanda gari hadi Shinyanga mjini kwa fundi tunayemwamini. Tulimwomba jambo moja: kabla ya kununua, atuwekee kipande cha pili cha GB 8 tujaribu hapo hapo dukani, mbele yetu. Akakubali. Kazi ile ya saa tatu ikamalizika kwa saa moja na nusu. Kisha tukachomoa waya wa umeme na kuianzisha tena kwa betri pekee. Hapo ndipo maneno ya kaka mtu yalipothibitika: betri ilikaa dakika 48 badala ya 60.

Fundi akacheka. "Si mnaona? Ramu imekula betri."

Binti akatoa daftari. Betri ya wati-saa 24 iliyoisha kwa dakika 48 ina maana kompyuta sasa inakula wati 30, si 24. Wati mbili hivi katika sita zilizoongezeka ni za ramu yenyewe. Nyingine ni za prosesa, ambayo haisubiri tena foleni na hivyo inafanya kazi kwa nguvu zake zote. Kisha akaandika mistari miwili ambayo mimi, kwa umri wangu, sikuwa nimeifikiria.

Kabla: wati 24 kwa saa 3, jumla wati-saa 72.

Baada: wati 30 kwa saa 1 na nusu, jumla wati-saa 45.

Kwa saa, kompyuta yenye ramu kubwa inakula zaidi. Kwa kazi, inakula pungufu, asilimia 62.5 ya ulaji wa awali ukipenda kuipigia hesabu ndefu. Kwa lugha ya sokoni, imeokoa wati-saa 27 katika kila ramani. Waliokuwa wakilalamika kule Geita walihesabu saa. Sisi tulipaswa kuhesabu ramani, kwa kuwa mteja halipi saa ambazo kioo kimewaka; hulipa ramani iliyokamilika.

Hesabu hiyo ilinijibu na mimi pia. Betri mpya niliyoitaka ingebeba wati-saa 48. Kazi ya zamani ilihitaji 72. Kwa hiyo hata ningenunua betri mpya kabisa, kazi ile ikianzishwa kwa betri pekee kompyuta ingezima baada ya saa mbili, ikiwa imebakisha theluthi moja. Lakini kwa ramu iliyoongezwa, kazi ya wati-saa 45 ingetosha ndani ya betri mpya, japo kwa shida. Maana yake vyote viwili vilihitajika, ila kimoja kilipaswa kutangulia. Tukanunua ramu.

Nyumba ya pili, jibu la pili

Habari ilipoenea mtaani, jirani yetu mmoja, dada anayefundisha sekondari, alikuja na kompyuta yake akitaka nayo iongezwe ramu. Binti yangu akamwomba kwanza aifungue na kufanya kazi zake za kila siku: kuandika mitihani, kujaza alama, kusoma barua za mtandaoni. Ramu yake ilikuwa GB 8, na iliyotumika haikufika GB 5. Betri yake, hata hivyo, ilikuwa imechoka kama yetu.

"Dada yangu," binti akamwambia, "meza yako ni kubwa kuliko kitambaa chako. Usiongeze meza."

Kazi zake nyepesi zilikula wati 8 hivi. Kwa betri iliyobaki na wati-saa 24, alikuwa na saa tatu. Ramu ya ziada, hata ingekula nusu wati tu, ingempunguzia dakika kumi hivi, na isingemharakishia chochote, kwa kuwa hapakuwa na kilichokuwa kikisubiri. Kwake betri mpya ilimaanisha saa sita, siku nzima ya shule. Akanunua betri.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukiulizwa na mwanao kipi bora, mwulize nawe: kazi inakwama wapi? Kama ramu imejaa pomoni na diski haipumui, tatizo ni kumbukumbu. Kama ramu ina nafasi na prosesa ndiyo iliyofika asilimia 100, hakuna kipande cha ramu kitakachosaidia. Na kama kazi inakwenda vizuri lakini kompyuta inazima mapema, tatizo ni betri. Kutumia fedha bila kupima ni israfu, hata kama kilichonunuliwa ni kizuri.

Mambo ya kuangalia kabla ya kutoa fedha

Si kila kompyuta mpakato inakubali kuongezwa ramu. Nyingi nyembamba za siku hizi zina ramu iliyochomelewa kwenye ubao, na hakuna nafasi ya kipande kingine. Pili, vizazi havichanganyiki: DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, wala DDR4 kwenye ya DDR5. Tatu, kila kompyuta ina kikomo chake cha ramu, nao mfumo wa Windows wa biti 32 hauwezi kunufaika na zaidi ya GB 4 hata ukiijaza. Nne, kompyuta yenye nafasi mbili mara nyingi hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa na vipande viwili vinavyolingana kuliko kimoja kikubwa.

Kwa upande wa betri, ikague kwa macho na kwa vidole. Betri za lithiamu, ambazo Sony iliziingiza sokoni mwaka 1991 na ambazo ziliwapatia wavumbuzi wake watatu Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019, zina adui mkubwa anayeitwa joto. Huku kwetu, ambako bati la paa huchemka kuanzia saa nne asubuhi, usiiache kompyuta dirishani wala ndani ya gari lililoegeshwa juani. Usiitumie juu ya godoro au mto, kwani matundu ya hewa huziba. Usiiache imechomekwa kwenye chaja usiku na mchana ikiwa imejaa; kompyuta nyingi zina mpangilio wa kuizuia isivuke asilimia 80. Ukiona betri imevimba au kibodi imeinuka, acha kuichaji, iweke mbali na watoto, na uipeleke kwa fundi. Usiitoboe, wala usiitupe motoni pamoja na takataka za uani.

Ipo pia tofauti ya kulala na kuzima kwa kumbukumbu. Ukiifunga tu kompyuta, hulala. Ramu hubaki ikijazwa umeme kama mtungi ule, na ramu kubwa hudai zaidi. Ukiacha usiku kucha, asubuhi utaikuta imepungua. Ule mpangilio unaoitwa hibernate huandika kila kilichomo kwenye ramu katika diski, kisha huzima kabisa. Ukiiwasha, unakuta kazi yako ulipoiacha. Kwa nyumba zenye umeme wa mashaka, huo ndio wa kutumia.

Na kabla ya kumpa fundi kompyuta, hifadhi faili zako mahali pengine na uondoe picha za familia. Ndani ya kompyuta ya nyumbani mna sitara ya mama, dada na watoto. Fundi mwema ni mtu wa amana, nawe pia ni mwenye amana ya watu wako. Ramu na betri hubadilishwa kwa dakika chache. Hakuna sababu ya kuilaza dukani.

Jua letu wenyewe

Kishapu ni nchi ya jua. Ndiyo maana kijiji cha Ngunga, wilayani humu, kilichaguliwa kwa mradi wa umeme wa jua wa megawati 150, awamu yake ya kwanza ikiwa ya megawati 50, uliokusudiwa kuingiza umeme kwenye gridi ya taifa. Lakini gridi ikikatika, hukatika pia kwa mtu anayeishi kandokando ya paneli hizo. Nyumba yenye paneli ya wati 100 juu ya bati, katika siku yenye saa tano za jua kali, hupata wati-saa 500 kwa hesabu ya daftarini, na pungufu ya hapo kwa uhalisia, kwa sababu vumbi, joto na nyaya huchukua sehemu yao. Inveta nayo hula chake inapogeuza umeme wa betri kuwa wa ukutani, kisha chaja ya kompyuta huugeuza tena kinyume. Ikiwa kompyuta yako inapokea chaja ya volti 12, ile ya kwenye gari, iunganishe moja kwa moja na betri ya sola na uepuke mzunguko huo.

Hata baada ya kutoa hivyo vyote, ramani moja ya wati-saa 45 ni kitu ambacho jua la asubuhi moja la Kishapu linaweza kukilipa. Ramani ya wati-saa 72 ingeibana taa ya watoto kusoma usiku. Ndiyo maana nasema kipande kile cha ramu, kidogo kuliko kisanduku cha kiberiti kilichobanwa, kilitugusa sote nyumbani, si mwenye kompyuta peke yake.

Siku hizi binti yetu haanzishi kazi nzito usiku. Huiamsha baada ya swala ya Alfajiri, wakati hewa ina ubaridi na feni ya kompyuta haipigi kelele, na kabla ya saa mbili asubuhi huwa amekwisha. Kikundi kile cha wachimbaji kilimrudia kwa kazi ya pili, kisha jirani zao wakaja na ya tatu. Kwa malipo ya ramani hiyo ya tatu alinunua betri, bila kuniomba senti. Akaiweka mwenyewe juu ya mkeka, mama yake akimshikia tochi.

Jioni ile alinijia na bahasha. "Shikamoo baba. Hizi ni zile za dengu."

Nilimwambia si deni, ilikuwa zawadi. Akaniwekea mezani hata hivyo, kisha akaenda kuichaji betri mpya, isivuke asilimia 80.